Rejesho la Jumatatu, Alizeti ya Juni

Mkulima wa Kiomboi, Singida, hupanda alizeti Desemba mvua zikikubali, akavuna Mei au Juni. Mkopo aliochukua wa mbegu unadai rejesho kila Jumatatu. Hesabu Jumatatu zilizopo kati ya Januari na Mei, wakati hela yenyewe bado ni ua shambani. Basi hukopa huku akalipe kule: kikoba, duka la pembejeo, shemeji, mwisho kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Mwaka 2023 bei iliposhuka, mafuta ya nje yakiingia kwa ushuru nafuu, hata aliyevuna vizuri alibaki na deni.

Niliwahi kuonyeshwa makubaliano yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa daftari: mdaiwa, mdai, mashahidi wawili, dole gumba, muhuri wa mtendaji. Deni lingelipwa kwa magunia baada ya mavuno. Maneno ya busara kabisa, ila mdai aliyeitwa ni mmoja. Waliobaki walikuwa watatu, na mmoja wao hakusubiri Juni. Alibeba baiskeli na godoro.

Godoro ndilo linaloniudhi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inakataza matandiko, vyombo vya kupikia na zana za kilimo kukamatwa kwa ajili ya kukazia hukumu. Lakini yule bwana hakuwa na hukumu yoyote. Alikuja na bodaboda.

Njia ya kuwakalisha wadai wote pamoja ipo kisheria. Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, inamruhusu mdaiwa kupeleka pendekezo la malipo; wadai wa kutosha wakikubali na mahakama ikaridhia, hata waliokataa linawabana. Sheria nyingine, Sura ya 26, inahusu hati za makubaliano ya aina hiyo nje ya ufilisi. Zote ni urithi wa mkoloni, na shauri la ufilisi ni la Mahakama Kuu. Nani ataenda huko kwa deni la laki nane? RITA yenyewe, wakala wa serikali wenye neno Ufilisi ndani ya jina lake, huku tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa.

Wakenya walilifikiria hili katika sheria yao ya ufilisi ya mwaka 2015. Mdaiwa ambaye madeni yake yasiyo na dhamana hayazidi shilingi 400,000 za kwao anaweza kuombewa amri ya kulipa kwa awamu, na wadai waliomo hawamkimbilii kila mmoja kivyake.

Wakopeshaji watasema tunawafundisha watu kutolipa. Na waseme pia godoro kuukuu liliuzwa shilingi ngapi.

Tunachodai katika toleo hili ni kidogo: Mahakama ya Mwanzo ipewe uwezo wa kuwaita wadai wote siku moja, deni liandikwe lote, na tarehe ya kwanza ya kulipa iwe baada ya alizeti kupanda mizani.