Miriamu Alisema Hapana



Yenga iliyopita mwalimu alituelezea hadithi fupi ya Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wa Kenya (si komine yetu, ni Kenya inchi). Iko mu kitabu Secret Lives cha 1975, na inaitwa "Wedding at the Cross", ni kusema harusi ya pa msalaba. Toka siku ile darasa letu limegawanyika.

Wariuki alikuwa karani wa maziwa, maskini, mwenye kuchekesha watu na kinga yake. Baba ya Miriamu, tajiri na mtu wa kanisa, alimpatisha haya na kumkataa. Miriamu akatoroka naye. Miaka ikapita, Wariuki akatajirika na biashara ya mbao, akajiita Dodge W. Livingstone, akataka sasa ndoa ya kanisa, na wakubwa wote wakuwepo. Mbele ya pasta Miriamu akasema hapana: aliolewa na Wariuki, na Wariuki alikwisha kufa.

Wenzangu wengi wanasema alikosa, juu aliharibu kitu kitakatifu mbele ya bantu. Mimi ninaona ni bwana yake njo alianza kukiharibu. Alikuja kuomba baraka ya Mungu, lakini macho yake ilikuwa ku baba mukwe.

Na sisi hapa Lubumbashi? Ninajua bibi na bwana wamoja, miaka tisa pamoja, mali ya ndoa ilitoka, watoto wanasoma. Baraka ya kanisa hawana. Pasta hakuwakataa! Ni feti tu: sale, vikwembe vya namna moja, muziki, sukre, bukari na kuku ya watu mia mbili. Kila mwaka wanasema, mwaka kesho. Na kila siku ya meza ya Bwana ule mama anasimama, anatoka inje na mtoto mu mgongo, sisi wote tunamwangalia.

Sisemi feti ni zambi. Yesu alienda ku Kana, na kule divai ilikwisha mapema, lakini ndoa ilibaki ndoa.

Kwa hiyo ninaomba wazee wa kanisa: wabariki watu kama hawa siku ya yenga asubuhi, mu ibada, na nguo wanazo. Feti itangojea Bonane, kama franga iko. Kama haiko, chai.