Alama za mwanao si tangazo la mtaa



Jumamosi moja, baada ya sala ya jumuiya hapa Mabatini, mama mmoja alinisubiri kando ya njia ya mawe inayopanda mlimani. Ameniruhusu kusimulia, mradi nisimtaje. Alinionyesha simu yake. Ilikuwa na orodha ya matokeo ya mwaka wa pili ya chuo kimoja: majina kamili, namba za usajili na alama za kila somo. Binti yake alikuwa na sapu mbili. "Padre," akasema, "hii nimetumiwa na jirani. Mwanangu mwenyewe hajaniambia kitu, na tangu jana hapokei simu."

Jirani hakusema uongo. Alama zilikuwa ndizo. Na hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Tunajua amri ya nane inakataza uongo, basi tukisema kweli tunajiona salama. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inafundisha kwamba anayefichua makosa ya mwenzake kwa watu wasioyajua, bila sababu ya haki, anakosa hata kama anayosema ni kweli. Kanuni ya 220 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 nayo inakataza kumharibia mtu sifa yake njema isivyo halali, na kuvunja haki yake ya kulinda mambo yake ya faragha. Kama hata dhambi ya mwenzetu haturuhusiwi kuitangaza, sembuse sapu, ambayo wala si dhambi?

Mimi ni wa kizazi kilichosomewa alama hadharani, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Waliotufanyia hivyo walidhani aibu inafundisha. Kwa baadhi yetu ilifundisha kuibia tu, ili tusiwe mkiani. Hata hivyo, ubao wa matangazo wa zamani ulibaki ukutani. Aliyetaka kuusoma ilibidi aufuate. Leo orodha ikipigwa picha na kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp, inavuka ziwa na kufika Ukerewe kabla mwanafunzi hajatoka bwenini. Na haifutiki. Miaka kumi baadaye, mtu anayemchumbia au anayetaka kumwajiri anaweza kuletewa alama za somo alilolirudia na kufaulu.

Sheria ya nchi imeliona jambo hili. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindiwa maisha yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inahesabu historia ya elimu ya mtu miongoni mwa taarifa zinazolindwa. Tume inayoisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024, na mtu aliyeumizwa anaweza kuipelekea malalamiko. Kwa hiyo mhadhiri, karani wa ofisi ya mitihani na kiongozi wa darasa wanashika alama kama amana. Vyuo vingi vina mfumo wa kumwezesha kila mwanafunzi kufungua matokeo yake kwa nywila yake. Hakuna haja ya orodha ya majina kuzunguka.

Najua wapo watakaouliza: je, siri hii haitawaficha wadanganyifu? Tunakumbuka mwaka 2017, uhakiki ulipobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Lakini walibainika kwa vyeti kupelekwa kwa mamlaka inayohusika na kukaguliwa. Mwajiri ana njia halali ya kuuliza. Jirani hana.

Swali gumu zaidi ni la mzazi. Ameuza ng'ombe, ameuza dagaa kwa mafungu, amelipa ada. Leo aambiwe alama si zake? Mzazi mwenzangu katika imani, mwanao wa miaka ishirini na moja ni mtu mzima, na chuo kinapaswa kumheshimu hivyo. Lakini wewe kijana, haki ya faragha haikupi ruhusa ya kumdanganya anayekulipia. Nimewajua waliodisko mwaka wa kwanza wakaendelea kupokea ada hadi mwaka wa tatu, huku nyumbani akina mama wakishona sare za mahafali. Chuo kikinyamaza, ni kwa sababu kinakuachia wewe nafasi ya kusema. Itumie.

Tukumbuke Mtakatifu Yosefu, katika sura ya kwanza ya Mathayo. Kabla malaika hajamweleza jambo lolote, alidhani ana sababu ya kulalamika, tena sheria ilikuwa upande wake. Bado hakutaka kumwaibisha Maria mbele ya watu. Mwinjili anamwita mtu wa haki kwa sababu hiyo.

Nilimwomba yule mama mambo mawili. Kwanza, afute orodha ile, maana ilikuwa na watoto wa wenzake pia. Pili, amwandikie binti ujumbe usiotaja mtihani. Amuulize tu kama amekula. Jumapili jioni binti alipiga simu. Walizungumza nini, sikuuliza.

Wiki hii, ukitumiwa orodha ya namna hiyo, usiifungue, wala usiitume kwa mwingine. Dominika njema.