Shajara ya Alfajiri na Mwanafunzi wa Kiswahili Kitengela

Shajara ni miongoni mwa tungo za kiuamilifu ambazo mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Kenya hufunzwa kabla ya kuikabili karatasi ya insha. Hufunzwa kutanguliza tarehe, kutumia nafsi ya kwanza na kutaja saa ya kila tukio. Akishapata alama zake, huiaga shajara kwaheri ya kutoonana. Anapofika chuo kikuu kusomea shahada ya Kiswahili, anaweza kuifafanua shajara, kuitofautisha na tawasifu na kumbukumbu, hata kuitungia swali la mtihani. Lakini yumkini atakamilisha miaka minne ya masomo bila kuandika ukurasa hata mmoja wa Kiswahili ambao haukusubiri kusahihishwa na mtu.

Kasoro hii si ndogo. Lugha isiyotumiwa na wasomi wake wanapokuwa peke yao ni lugha ya kazini, sawa na sare inayovuliwa jioni. Wapo wanaotetea Kiswahili kongamanoni kwa ufasaha wa kustaajabisha, na usiku huandika mipango yao, madeni yao na majonzi yao kwa Kiingereza.

Tiba ambayo imekuwa ikipigiwa debe ni mazoea ya kuandika alfajiri. Ushauri wenyewe si mpya. Dorothea Brande, Mmarekani, aliutoa katika kitabu chake cha mwaka 1934: mwandishi aamke nusu saa kabla ya wakati wake wa kawaida, aandike kabla ya kusoma chochote wala kuzungumza na yeyote. Julia Cameron aliueneza upya mwaka 1992 kwa kutaka kurasa tatu za mkono kila asubuhi. Je, ushauri huu unafaa Kitengela?

Kitengela ni mji wa kaunti ya Kajiado, katika barabara ya Namanga, takriban kilomita 30 kutoka Nairobi. Ardhi yake ilikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei. Sheria ya mwaka 1968 ilileta ranchi za jamii. Ranchi hizo baadaye ziligawanywa, mashamba yakawa ploti, na viwanda vya eneo la EPZ la Athi River, vilivyofuatia sheria ya mwaka 1990, vikaleta wafanyakazi waliohitaji mahali pa kulala. Sensa ya mwaka 2019 iliukuta mji huu na watu zaidi ya 150,000. Miongoni mwa wapangaji wa vyumba vyake wamo wanafunzi wa vyuo vya Nairobi waliokimbia kodi za jijini. Mwanafunzi mwenye kipindi saa mbili asubuhi hana budi kuwa kituoni kabla hakujapambazuka, kwa sababu msongamano wa Athi River na Mlolongo haumsubiri mtu. Saa kumi na moja, ile ambayo vitabu vya ushauri huisifu kwa utulivu wake, Kitengela ni saa ya honi, utingo na nauli inayopanda mvua ikinyesha.

Kumwambia mtu huyu aamke mapema zaidi ni kumwongezea mzigo mgongoni. Tena watoaji wa ushauri huu husahau jambo moja. Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza wa karne ya 19, ndiye mfano unaotajwa sana. Alikuwa afisa wa posta, na kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa mbele yake, akijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Kwa njia hiyo alitunga riwaya 47. Lakini Trollope mwenyewe alieleza, katika tawasifu iliyochapishwa mwaka 1883, kwamba alimlipa mtumishi wake mzee pauni tano zaidi kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Alfajiri ya mwandishi ilitanguliwa na alfajiri ya mtumishi, na huyo wa pili hakuandika kitu.

Jambo hili lina uzito katika Kajiado. Katika boma la mfugaji, mwanamke huwa amekwisha kushika kibuyu na kukama kabla jua halijachomoza. Katika ploti za Kitengela, mwanafunzi aliye mama huamka kuteka maji bomba likiwa bado linatoka, kuwasha jiko na kumwandaa mtoto. Anayempa mama huyo shauri la ukurasa wa alfajiri bila kuuliza ni nani atakayembeba mtoto, hajashauri kitu. Basi tabia hii isipimwe kwa saa ya kuamka. Ikipimwa hivyo, itakuwa mali ya wasio na mtoto wala ndoo.

Hata hivyo, kuna kiini katika ushauri wa Brande ambacho hakifai kutupwa pamoja na saa yake. Alisema ukurasa utangulie mazungumzo. Kwa mkaazi wa Kitengela maana yake ni kubwa kuliko alivyoweza kukisia Mmarekani huyo. Mwanafunzi akishatoka mlangoni, lugha humjia kwa fujo: Kikamba cha muuza mboga, Kimaa cha mlinzi wa lango, Kikuyu cha mwenye duka, Sheng ya makanga, Kiingereza cha ujumbe wa simu. Zote ni lugha za watu na hazina ubaya. Ila Kiswahili sanifu hubaki cha darasani, kikingoja zamu yake saa mbili. Ukurasa unaoandikwa kabla ya hayo yote huipa lugha hiyo nafasi ya kwanza kichwani, hata ikiwa ni kwa dakika kumi, hata ikiwa dakika zenyewe zinapatikana matatuni, daftari likiwa juu ya goti, gari limekwama Mlolongo.

Saa ya Kiswahili nayo ina la kusema. Kwa hesabu yake, saa moja ndiyo mwanzo wa mchana. Saa kumi na moja alfajiri ni usiku unaofikia ukingoni. Waswahili, kwa desturi yao, huhesabu siku kuanzia magharibi, ndiyo maana usiku wa kuamkia Ijumaa huhesabiwa kuwa wa Ijumaa. Kwa hiyo, anayeandika alfajiri hafungui siku kwa maazimio na ndoto kubwa, jinsi vitabu vya kigeni vinavyohimiza. Yumo katikati ya siku iliyokwisha kuanza, na kilicho mkononi mwake ni yaliyotukia: alichokula, alichokopa, aliyemkasirikia. Huenda hii ndiyo shajara iliyo na manufaa zaidi.

Mfano wa nyumbani upo, ingawa si wa shajara hasa. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926, na aliandika vitabu vyake huku akiwa na ajira. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958, zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI mwaka 2002. Hizo ni barua za mtu kwa nduguye, si tungo za mashindano. Na mtafiti anayetaka kujua Kiswahili cha mfanyakazi wa Tanganyika katika miaka hiyo hawezi kuzipuuza. Waliochukua kalamu kwa ajili ya mtu mmoja tu wamewaachia wengi ushahidi.

Kajiado ina ushahidi gani wa namna hiyo kwa Kiswahili? Ukame wa mwaka 2009 ulifyeka ng'ombe, na ule uliofikia kilele mwaka 2022 ukarudia. Mwezi Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kushambulia mifugo. Magazeti yaliandika, tena zaidi kwa Kiingereza, kisha yakafungia vitumbua. Aliyekuwa akiishi pale, akasikia fisi nyuma ya ukuta wa ploti na bei ya nyasi ikipanda kila wiki, angeandika yale ambayo mwanahabari wa siku moja hakuyaona. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Hapa mali yenyewe ni miaka ya watu.

Baadhi ya wahadhiri huchelea kwamba maandishi yasiyosahihishwa yatazoesha makosa. Hofu hiyo haina msingi imara. Mwanafunzi anayeandika ukurasa kila siku hukwama penye neno, na kukwama huko ndiko humpeleka kwenye kamusi kwa hiari yake. Hulazimika kuamua kama "keateka" wa ploti aitwe msimamizi, mlinzi au abaki alivyo. Darasa la istilahi halimfikishi huko kwa wepesi huo. Tena, maneno 150 kwa siku, ambayo hayajazi ukurasa wa daftari la shule, ni maneno 54,750 kwa mwaka. Kati ya hayo mengi yatakuwa pumba, na haidhuru.

Siku zitarukwa. Stima itapotea, mtoto ataugua, mtihani utawadia. Siku iliyorukwa isilipwe kwa kurasa mbili, kwani deni la shajara ndilo linaloiua. Mwenye daftari aanze upya kwa tarehe ya siku hiyo.

Idara za Kiswahili zinaweza kuanza kwa jambo jepesi. Kozi ya uandishi wa kubuni imtake kila mwanafunzi awe na daftari la shajara kwa muhula mzima, na alama chache zitolewe kwa kuwapo kwake tu. Mwisho wa muhula mwanafunzi alilete. Mhadhiri aonyeshwe tarehe, ahesabu kurasa zilizojaa, na amrudishie mwenyewe bila kusoma.