Swali la Mwanafunzi Lisidharauliwe

Mtoto wa Magoma hana haja ya kusafiri mbali ili akutane na fizikia. Jioni, jua linapotua nyuma ya milima ya Usambara, husikia mabati ya nyumba yakilia moja baada ya jingine. Hunywa maji ya mtungini, nayo ni baridi kuliko hewa ya chumba ulimokaa mtungi huo. Akifika penye kiwanda cha mkonge huona mashine ya korona ikikwangua majani, na katika kila kilo 100 zinazoingia, nyuzi zinazotoka ni kama kilo 4 tu. Zilizosalia hutupwa, na akilichimba rundo la makapi yaliyolala siku nyingi hukuta joto ndani yake. Ni haki yake kuuliza: mbona?

Hoja yetu leo ni kuhusu jibu anolopewa mtoto huyo. Mara nyingi huambiwa kwamba jambo hilo halimo katika mtihani, au kwamba anapoteza wakati wa wenzake. Majibu ya namna hiyo ni mepesi kutamkwa, lakini hasara yake ni kubwa, na Mkoa wetu wa Tanga una ushahidi wake.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi ya jokofu ikawa ya kugombaniwa. Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, akaona akingoja maziwa yake yapoe ataikosa, basi akayatia yangali moto. Mwenzake alitia yake bila hata kuyachemsha. Baada ya muda wa saa moja na nusu hivi, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado ni uji mzito.

Mpemba alimwuliza mwalimu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Safari hii akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakalifanya neno hilo kuwa mzaha wa darasa zima. Vijana wengi wangenyamaza hapo, na hakuna ambaye angewalaumu. Yeye alikwenda maabara na vyombo viwili vya maji, akajaribu mwenyewe.

Kisha Dakta Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo kikuu mjini Dar es Salaam, alizuru Mkwawa. Mpemba alisimama mbele ya waliomcheka akauliza: kwa nini maji yenye joto la nyuzi 100 huganda kabla ya maji ya kiasi kile kile yenye nyuzi 35? Dakta Osborne hakuamini, lakini hakucheka. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo hilo lipimwe. Msaidizi wake wa maabara aliripoti kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba angeendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi! Vipimo viliporudiwa vilitoa jibu lile lile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walitoa makala pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo wanasayansi wa dunia nzima hulitaja jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Hatusemi kwamba neno limekwisha. Wako wanaotaja maji yanayopungua kwa kugeuka mvuke, wako wanaotaja hewa iliyomo ndani ya maji au jinsi maji yanavyozunguka chomboni. Mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza walipima kwa uangalifu, wakasema kwamba hawakuona ushahidi wa kuridhisha. Mwaka 2020 wataalamu wa Kanada walionyesha tabia ya namna hiyo kwa kutumia chembe ndogo mno zilizowekwa majini. Lakini ubishi huu hauwapi haki wale waliocheka. Swali lililowashughulisha wajuzi kwa zaidi ya nusu karne halikuwa swali la kijinga, na aliyeliuliza hakudai kuaminiwa bure; alitaka lipimwe.

Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule zimjenge kijana mwenye akili ya kudadisi na mwenye kujiamini. Huwezi kuijenga akili ya kudadisi kwa kuinyamazisha. Wala faida yake haiishii vitabuni. Makapi yale ya mkonge yenye joto ndani yake hayakuwa taka tu: katika miaka ya 2000 mtambo ulijengwa Hale, wilayani mwetu Korogwe, wa kutoa gesi na umeme kutokana na mabaki hayo hayo. Yaliyokuwa yakitupwa kwa miongo mingi yalipata kazi, kwa kuwa hatimaye watu waliuliza yanafaa nini.

Tunatambua kwamba mwalimu ana mzigo mzito. Madarasa yamejaa, muhtasari ni mrefu, na mtihani haumngoji mtu. Hatumtaki ajue kila kitu. Tunamwomba aseme bila haya, "Sijui, twende tukapime." Kipimajoto kimoja, saa, mizani na vikopo viwili vyatosha kuanzia. Kila darasa na liwe na daftari ambamo mwanafunzi huandika swali lake, na mara moja kwa juma swali moja lichaguliwe, lijaribiwe mbele ya wote. Litakaloonekana kuwa si kweli lifutwe kwa kipimo, si kwa kicheko.

Mnamo mwaka 2014 nchi nzima ilihimizwa kujenga maabara katika shule za sekondari za kata, na wananchi walichanga fedha na nguvu zao. Ilikuwa kazi njema. Lakini maabara isiyo na vifaa wala maswali ni chumba chenye meza ndefu tu. Twaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Korogwe, inapokagua shule, isihesabu vyumba peke yake; iulize pia ni majaribio mangapi wanafunzi wenyewe wamefanya muhula huu.

Nao wazazi wana sehemu yao. Mtoto anayefungua redio mbovu aone kilichomo ndani, au anayeuliza kwa nini mtungi hupoza maji, asikemewe kama mtundu. Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Sisi twaongeza kwamba anayemcheka mwulizaji huwafunga midomo na wale waliokuwa wakijiandaa kuuliza. Mpemba alipata mgeni mmoja aliyekubali kupima. Watoto wa Magoma wasilazimike kungoja mgeni. Mtu huyo na awe mwalimu wao.