Zima-Washa Si Dawa

Wanachuo wenzangu, kuna tiba moja ya kompyuta ambayo sote tumefuzu bila kuisomea: zima, washa. Simu imekuwa nzito, zima washa. Mfumo wa usajili wa kozi umeganda wiki ya kwanza ya muhula, tunaambiwa tusubiri, seva inazimwa na kuwashwa. Na kweli, baada ya dakika chache mambo yanakwenda. Kesho yake jioni, hadithi ni ileile. Anayeumia ni mwanafunzi anayekesha na bando la kuungaunga ili asipigwe faini ya kuchelewa kusajili.

Hoja yangu ni hii: programu inayopona kila ikizimwa na kuugua tena ikikaa hewani, haijatibiwa. Mara nyingi inavuja kumbukumbu, yaani inachukua nafasi na hairudishi. Vyanzo vya uvujaji ni vingi, lakini kimoja tunakifumbia macho hata darasani: thredi za pembeni zilizoanzishwa na hazikufungwa.

Thredi ni mkondo wa kazi ndani ya programu. Programu moja inaweza kuwa nazo nyingi. Moja inakuonyesha ukurasa, nyingine inapakua faili pembeni, nyingine inakagua kila dakika kama kuna ujumbe mpya. Hilo ni jambo jema. Shida inaanza pale shughuli imekwisha lakini thredi ya pembeni bado iko macho.

Hapo mtu wa kompyuta atakujibu: aah, Java ina mzoa taka wake, anasafisha mwenyewe. Ni kweli anasafisha, ila ana sheria yake. Fikiria kantini. Mkusanya vyombo anachukua sahani kwenye meza zilizoachwa. Hagusi sahani iliyo mbele ya mtu aliyekaa, hata kama mtu huyo alimaliza wali saa mbili zilizopita na sasa anachezea simu. Thredi iliyo hai ndiyo huyo aliyekaa. Chochote inachokishika mzoa taka anakihesabu kuwa bado kinatumika, pamoja na vyote vilivyoshikwa na kitu hicho. Wakikaa wengi wa namna hiyo, chakula kipo jikoni lakini sahani hakuna.

Mfano uko mkononi mwako. Ukigeuza simu kutoka wima kwenda ulalo, kwa kawaida Android inauvunja ukurasa unaouona na kuujenga upya. Kama ukurasa wa kwanza ulianzisha thredi ya kupakua picha, na thredi hiyo bado inaushikilia, ukurasa huo hauondoki. Geuza tena na tena kabla upakuaji haujaisha, kurasa za zamani zinarundikana. Mwenye simu ya bei mbaya hatagundua. Sisi wa RAM ya GB 2 tunaona programu ikijifunga yenyewe, tunailaumu simu.

Kwenye seva ni vilevile. Apache Tomcat, inayoendesha programu za wavuti za Java, inaruhusu kuweka toleo jipya la programu bila kuizima seva. Lakini toleo la zamani likiacha thredi yake inazunguka, linaweza kubaki lote kwenye kumbukumbu kando ya jipya. Ukibadilisha mara sita kwa mtindo huo, unabeba maiti sita. Na si kwamba seva inakaa kimya: tangu mwaka 2010 Tomcat inaandika onyo kwenye logi, ikiitaja kwa jina thredi iliyoachwa. Onyo lipo, msomaji ndiye hayupo.

Wapo wanaosema tuongeze RAM. Sawa, badala ya kuganda Jumanne mfumo utaganda Ijumaa. Wengine wanasema thredi iuawe kwa nguvu. Java ilikuwa na amri hiyo, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 1998 watumiaji wameshauriwa waiache, kwa sababu thredi iliyokatwa katikati inaweza kuacha data imebadilishwa nusu. Njia salama ni kuipa ishara iache, nayo imalize ilichoshika na kutoka yenyewe. Hilo linawezekana tu kama aliyeandika programu aliweka mahali pa kuisikia hiyo ishara. Kwa hiyo kila thredi iwe na jina, iwe na mwenyewe, na mwenyewe akiondoka aifunge.

Mimi nasoma ualimu, na somo langu la kufundishia ni kompyuta. Nikienda mazoezi ya kufundisha na andalio la somo lisilo na hitimisho, mkaguzi ananirudisha. Sasa mbona mazoezi yetu ya kuandika programu yanaishia pale thredi inapoanza kazi? Jibu limetokea kwenye skrini, alama zimepatikana, tumeondoka. Nani atamfundisha mtoto wa sekondari kufunga, kama mwalimu wake alifundishwa kufungua tu?

Nawaomba wahadhiri wetu watenge alama za kufunga. Programu ya mwanafunzi iachwe ifanye kazi saa nzima, thredi zihesabiwe mwanzo na mwisho. Zikiongezeka bila sababu, alama zipungue.

Kwa wanaotunza mifumo, sipingi kuzima na kuwasha wakati wa dharura. Hakuna anayetaka foleni ya wanafunzi elfu moja ingoje uchunguzi. Ila kuzima kunafuta ushahidi. Ni sawa na kufua shati lenye damu kabla polisi hawajafika. Vifaa vya Java vinakuja na jstack, inayotoa orodha ya thredi zote kwa sekunde chache. Chukua orodha asubuhi, chukua nyingine mfumo unapoanza kulemewa, kisha linganisha. Thredi za jina moja zikiwa zimetoka kumi na kufika mia tatu, umeshajua pa kuanzia.

Na viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, mkikaa na uongozi safari ijayo, msiishie kuuliza mfumo utarudi lini. Ombeni kuiona hiyo orodha.