Tiba mtandao ya moyo ianze na muuguzi

Mgonjwa wa moyo wa Kigoma akipangiwa kliniki katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ana safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Moyo ulioshindwa kusukuma damu hausubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Maji hujaa mwilini kimyakimya: uzito hupanda kilo mbili ndani ya siku tatu, viatu hubana, usiku mgonjwa hawezi kulala bila kuegemea mito. Siku anapokimbizwa hospitali akitweta, dalili zilikwisha kujionyesha mapema. Hakuwa na wa kumwambia.

Kwa hiyo tunaunga mkono tiba mtandao kwa wagonjwa hawa. Tunachokataa ni kuipima kwa idadi ya vifaa na programu zilizozinduliwa.

Ushahidi upo. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 1,653. Waliofuatiliwa walitakiwa kupiga simu kila siku na kujibu maswali ya sauti ya mashine kuhusu dalili na uzito wao. Kliniki zilisoma majibu hayo siku za kazi. Vifo havikupungua, wala kulazwa tena. Wengi walichoka kupiga, na wengine hawakupiga hata mara moja.

Ujerumani ilikwenda njia nyingine. Katika utafiti ulioongozwa na Charité ya Berlin, wagonjwa 1,571 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa mizani, kipima presha na kifaa cha kupima umeme wa moyo, na vipimo vilifika kwenye kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24, wenye uwezo wa kumpigia mgonjwa na kurekebisha dawa zake. Matokeo ya 2018 yalionyesha vifo 7.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka, dhidi ya 11.3 kwa waliohudumiwa kwa kawaida. Desemba 2020 nchi hiyo iliamua bima ya afya ilipie huduma hiyo. Tafiti hizi hazifanani kwa kila kitu, lakini tofauti ya mtu aliye upande wa pili wa simu haifichiki.

Kwetu suala hili ni zito zaidi. Utafiti wa nchi tisa za Afrika uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa wana wastani wa miaka 52, na chanzo kikubwa ni presha. Hawa ni wazazi wenye watoto shuleni na mashamba yanayowangoja.

Wizara ya Afya itenge wauguzi wa kazi hii hasa, si kuwaongezea mzigo walioko wodini. Simu ya mgonjwa iwe bure, na mwenye kitochi ahudumiwe sawa na mwenye simu janja. Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 uitambue huduma hii na kuilipia, mizani ikiwemo. Vipimo vya mgonjwa vilindwe kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inavyoagiza.

Na mradi wowote usiosema nani atapokea simu ya mgonjwa saa nane za usiku, na nani atamlipa mpokeaji huyo, usipewe hata shilingi moja ya umma.