Simba wa Delos na Watu Wasiotajwa

Kiongozi wetu alikuwa binti mpole na mwenye elimu, nami sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na somo lake. Kwa saa tatu alitutembeza kisiwani Delos, ambako meli yetu ndogo ilitushusha asubuhi. Pale wageni hawaruhusiwi kulala. Alituonyesha simba wa marumaru waliotolewa na watu wa Naxos (walio nje ni nakala, wenyewe wamehifadhiwa ndani), akatupandisha kilima cha Kynthos, akatusimulia jinsi Apollo alivyozaliwa penye mtende. Alieleza hata habari ya Waathene waliofukua makaburi yote mwaka 426 K.K. na kuhamishia mifupa kisiwa jirani cha Rheneia, ili kifo kisipanajisi mahali patakatifu. Kuhusu watumwa hakusema neno.

Na Delos ilikuwa soko la watumwa. Mwaka 166 K.K. Warumi waliifanya bandari isiyotoza ushuru. Baada ya kubomolewa kwa Carthage na Korintho mwaka 146 K.K., matajiri wa Roma walihitaji watumishi wengi, na maharamia wa Kilikia wakafanya kazi ya kuwateka watu na kuwaleta sokoni. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika kwamba kisiwa kile kiliweza kupokea na kusafirisha watumwa 10,000 kwa siku moja. Nitaambiwa Strabo alitia chumvi. Basi na tupunguze nusu, tupunguze hata robo tatu: wanabaki 2,500, wenye mama zao. Zile nyumba za fahari zenye sakafu za vijiwe vya rangi, tulizozipiga picha kwa pupa, zilijengwa kwa fedha ya biashara gani?

Nilimwuliza. Akatabasamu, akatazama saa, akanijibu kwamba mambo hayo ni ya kale mno, hatuwezi kuyahukumu kwa macho ya leo.

Haya. Lakini mgeni akifika Unguja hupelekwa Mkunazini, penye kanisa kuu la Anglikana, aonyeshwe mahali pa soko lililofungwa mwaka 1873. Ni haki kabisa. Nimewapeleka wanachuo wangu pale mimi mwenyewe, wala sitaki pafichwe. Ninachokataa ni mizani mbili. Kwetu mgeni aanze na minyororo. Kwao aanze na marumaru na aishie kwenye marumaru! Kijana anayefundishwa hivyo atakua akiamini kwamba utumwa una rangi na una bara lake, ilhali waliouzwa Delos wengi wao walitoka Shamu na Asia Ndogo. Mwanachuo wa ualimu angeniletea andalio la somo la namna hiyo, ningelimrudishia aliandike upya.

Kesho yake tulipanda hadi Apiranthos, kijiji cha milimani kisiwani Naxos, chenye vichochoro vilivyotandikwa mawe ya marumaru. Mzee mmoja, rika langu, alitukaribisha kahawa. Bila kuulizwa alitusimulia njaa ya mwaka 1941 na 1942, Wagiriki walipokuwa chini ya majeshi ya kigeni, kama alivyoisikia kwa mama yake. Kiongozi wetu alitafsiri kila neno, na macho yakamlenga machozi. Hapo hakutazama saa. Nami nilisikitika pamoja nao, tena kwa moyo wangu wote, maana msiba ule ni wa kweli.

Tukiwa Delos tulipita kando ya Uwanja wa Waitalia tukielekea kwa simba. Wapo wataalamu waliodhani kwamba pale ndipo watu walipouzwa, na wapo wanaopinga. Mabishano hayo peke yake ni somo zuri. Katika saa tatu zile naomba dakika tano, pale pale, kabla ya simba.